Sura ya Saba: Viota vya Chumba cha Mbele

Inspekta Ilyasi hakuwaogopa majambazi, hakuogopa maiti, wala hakumwogopa Kapteni wake, ingawa huyo wa mwisho watu wengi walimwogopa kwa haki. Alichoogopa ni panya. Alikulia mtaa wa Nyamirambo, nyuma ya cherehani ya baba yake, na katika nyumba ile panya alikuwa adui aliyetoboa nguo za wateja na kumletea mzee fedheha. Kwa hiyo asubuhi ile ya Novemba 1990, alipoambiwa kwamba kuna wizi kwenye maabara moja ya mtaa wa Kiyovu wanakofugwa panya, alimwomba Mungu amsitiri, akafunga vifungo vyote vya koti lake, akaenda.

Kilichopotea ni hadubini, ile mashine ya kutazamia vijidudu, na ndiyo pekee iliyokuwa nzima katika jengo lile. Mlango haukuvunjwa. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ndani. Ufunguo usiku anao mtu mmoja tu, mlinzi Bizimana, na Bizimana alikuwa tayari amekaa kwenye benchi la kibanda cha getini huku askari jandarme mwenye bunduki amemsimamia. Mkurugenzi wa maabara alikwisha kutoa hukumu yake kabla ya chai.

Wakati mwingine wizi wa namna hii ungekuwa jambo la wiki mbili na makaratasi. Lakini vita vilikuwa vimeanza mwezi uliotangulia kule mpakani mwa Rwanda, na tangu hapo kila kilichopotea mjini kilikuwa kimechukuliwa na adui, hata kuku. Kapteni alimwambia Ilyasi waziwazi: "Ukipata mwizi wa kawaida kabla ya saa ya kutotoka nje, vizuri. Usipopata, huyo mlinzi nawakabidhi watu wa usalama jioni hii hii." Waliokabidhiwa kwa watu wale, wake zao walikuwa bado wanazunguka na vyakula kwenye vikapu wakiuliza waume zao wako gereza gani.

Ilyasi akaanza na mlinzi. Bizimana alikuwa mtu mkubwa mwenye mabega ya mbeba magogo, lakini alikaa amejikunja. Alijibu kwa Kiswahili cha walinzi na askari, kile kisichojali sana sheria za sarufi alimradi kazi iende.

"Usiku ulikuwa wapi?"

"Chumba ya mbele, afande. Kwa panya."

"Usiku kucha?"

"Usiku muzima. Docteur alisema niweke hita kule sababu wale panya wamama wako na watoto. Mimi nakaa karibu ya hita, naangalia mlango ya maabara. Hakuna mutu alipita."

"Hukutoka hata kidogo?"

"Oya, hapana. Hata kidogo." Kisha akapiga chafya, akapiga nyingine, na ya tatu ilimtingisha mpaka benchi likalia. Ilyasi akampa leso yake. Bizimana aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru kwa Kinyarwanda, akaangalia chini. Koti lake la ulinzi lilikuwa bado na unyevu mgongoni.

"Umepata mafua makali, ndugu yangu."

"Ni mvua, afande."

Usiku ule mvua ilikuwa imenyesha kweli, tena ile ya kuloanisha mifupa. Ila mvua hainyeshi ndani ya chumba chenye hita. Ilyasi hakulisema hilo. Alikuwa na tabia ya kuweka mambo mfukoni kwanza.

Mwenye panya alikuwa Daktari Kanyange, daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa na sauti ya kuamrisha. Alizaliwa Rwanda akalelewa Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa kimevuka ziwa pamoja naye. Alimkuta Ilyasi amesimama mlangoni mwa chumba cha mbele, nusu ndani, nusu nje.

"Ingia, Inspekta. Unatetemeka?"

"Kuna baridi."

"Si baridi. Ni panya zangu. Ingia tu, hawali polisi."

Ilyasi akaingia, kwa kuwa mwanaume hana namna. Chumba kilikuwa kidogo, rafu tatu ukutani, na juu ya rafu vizimba vya bati vyenye vifuniko vya waya. Hakukuwa na harufu mbaya aliyoitarajia, palinuka mbao. Katika kila kizimba mlikuwa na maranda ya seremala na karatasi zilizochanwa vipande virefu. Panya wenyewe hakuwaona.

"Wako wapi?"

"Wamelala. Wale wanakesha usiku, mchana wanalala. Inama."

Akainama, mkono mmoja umeshika rafu. Katikati ya kizimba kulikuwa na kitu cha mviringo kilichosukwa kwa maranda na karatasi, kimeinuka juu, kimefunikwa kabisa, na pembeni kimeachwa kitundu kimoja. Kutoka kitunduni ilichungulia pua ya rangi ya waridi, isiyozidi punje ya wali. Ikamnusa Inspekta wa polisi, haikuona la maana, ikarudi ndani.

Ilyasi alitabasamu bila kupenda. "Amejenga nyumba."

"Na paa!" Daktari akafurahi kama mama aliyesifiwa mtoto. "Sasa nikuulize. Wewe hapa unasikia namna gani? Joto, baridi?"

"Naona sawa tu."

"Sababu uko na koti. Watu wote wanaingia hapa na koti, na shati, na singileti, wanasema hewa ni nzuri. Panya iko na nini? Ngozi yake tu, na mwili mdogo hivi. Ile hewa nzuri yako, kwake ni baridi. Yeye akitaka kulala anatafuta joto kama la mgongo wa mama mwenye kubeba mtoto."

"Umejuaje? Amekuambia?"

"Aliniambia." Akamwonyesha sanduku refu la mbao chini ya dirisha. Upande mmoja kulikuwa na taa ya umeme iliyofunikwa, upande wa pili mtungi wa maji baridi. "Nawaweka katikati, halafu nanyamaza. Kila mmoja anachagua pahali pake. Wakicheza, wanazunguka hata kwenye ubaridi. Wakitaka kulala, wote kwenye taa. Na majike yanapenda joto kupita madume."

"Hata kwangu nyumbani ni hivyo. Blanketi silioni."

Daktari akacheka, kisha uso wake ukageuka. "Mkurugenzi anasema maranda ni uchafu, hita ni kupoteza mafuta, panya ni panya. Lakini sikia, Inspekta. Mbwa akiuma mtu, ubongo wa yule mbwa unakuja hapa, tunadunga hizi panya nao, na ndiyo tunajua kama alikuwa na kichaa. Sasa panya ikianza kutetemeka na kufa, nitajuaje kama ni kichaa ama ni baridi? Nitamwambia nini yule aliyeumwa? Kumpa panya starehe si huruma tu. Ndiyo kazi yenyewe." Akarekebisha miwani. "Na huruma pia iko. Sitakuficha."

Ilyasi alikuwa bado anatazama kile kiota. "Maranda haya ya lini?"

"Ya jana. Jana adhuhuri nilibadilisha vyumba vyote viwili mimi mwenyewe, halafu nikaenda nyumbani."

"Kwa hiyo hii nyumba imejengwa jana."

"Usiku. Hapo ndipo ubaridi ulipoanza."

"Daktari, kama hita ilikuwa inawaka humu usiku kucha, angejenga hivi? Na paa?"

Daktari Kanyange akaenda kizimba cha pili, cha tatu, akainama kila kimoja. Viota vyote vilikuwa vimeinuka, vimezibwa. Katika kile cha akina mama wenye watoto, maranda yote yalikuwa yamekusanywa hata sakafu ya bati ikabaki tupu.

"Hii chumba ilikuwa baridi," alisema polepole. "Usiku muzima ilikuwa baridi. Hita haikuwa hapa."

Sasa Ilyasi akavitoa vitu vyake mfukoni na kuvipanga. Mafua. Koti bichi mgongoni. Viota vyenye paa. Bizimana hakulala chumba cha mbele, wala hita haikulala humo. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, na hii ilikuwa fupi kuliko mkia wa panya.

"Chumba cha nyuma kiko wapi?"

Chumba cha nyuma kilikuwa ng'ambo ya baraza lililo wazi upande mmoja, ambalo mvua ya jana ilikuwa imelipiga mpaka ukutani. Hita ilikuwa humo, imezimwa, tangi limekauka. Na panya wa chumba kile walikuwa watu wa dunia nyingine. Maranda yao yalikuwa yametawanyika, hakuna aliyejisumbua kujenga. Wamelala wazi, mmoja mmoja, miguu imenyooshwa. Dume moja nene lilikuwa limelala chali, tumbo juu, kama mzee baada ya pilau ya Idi.

"Hawa walilala raha," alisema Ilyasi.

"Wafalme," alisema Daktari.

Ilyasi akapiga magoti sakafuni, kwenye chumba chenye panya zaidi ya hamsini, wala hakukumbuka kuogopa. Kwenye kona magunia yalikuwa yamekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, na sakafu ilikuwa imefagiwa. Akanusa gunia la juu. Lilinuka samli ya ng'ombe iliyofukizwa manukato, ile wanayojipaka wanawake watu wazima wa vilimani. Kisha akatazama ndani ya vizimba. Juu ya maranda ya kila kimoja kulikuwa na maganda madogo mekundu.

"Daktari, panya wako wanakula mtama?"

"Hata siku moja! Wanakula vile vidonge vya..." Akasogea. "Nani ametia mtama hapa?"

"Mgeni wa Bizimana."

Mwanzoni jambo hili lilimharibia Ilyasi hesabu. Mgeni usiku, ndani ya jengo la serikali, hadubini imepotea: mkurugenzi angepiga makofi. Alirudi getini, akamwomba jandarme asogee pembeni, akakaa kwenye benchi ubavuni mwa Bizimana.

"Nani alilala chumba cha nyuma?"

Bizimana akaikunja ile leso, akaikunja tena.

"Mtu aliyelala na hita hapigi chafya hivi. Wewe ulikuwa barazani, kwenye mvua. Hita ulimpa mwingine. Nani?"

"Hakuna mutu, afande."

"Jioni watakuchukua. Unajua wanakupeleka wapi?"

"Najua."

"Mkeo anajua?"

"Bibi yangu amezaa juzi," alisema. "Mbabarira, unisamehe, afande. Andika vile unataka. Mimi ile kitu sitasema."

Ilyasi alikwisha kuona waongo wa kila aina katika kazi yake. Wanaodanganya ili kujiokoa huongea sana. Huyu alikuwa amenyamaza ili azame, na hilo lilimsumbua. Halafu kulikuwa na ule mtama. Mwizi aliyekuja kuiba hadubini hakai akawagawia panya chakula chake, kizimba baada ya kizimba, bila kumsahau hata mmoja.

Basi akaachana na mgeni kwa muda, akarudi chumba cha mbele. Kuna kitu alikuwa amekiona asikitilie maanani. Rafu ya chini, kizimba cha mwisho karibu na mlango wa maabara.

"Hiki, Daktari. Chumba chote kilikuwa na baridi, kila mmoja kajijengea. Mbona hawa wamelala ovyo? Maranda hawakuyagusa."

Daktari Kanyange akachuchumaa, akainua kifuniko. Panya walikuwa wamerundikana kama mikate kwenye kapu, wanapumua pamoja. "Sababu ni wengi mno. Wakiwa wengi wanapashana joto, hawahitaji..." Akamwinua mmoja kwa mkia, kwa upole, akamweka kiganjani. Sikio lake moja lilikuwa na pengo lililokatwa kama alama. "Lakini huyu si wa hapa! Na huyu. Hawa ni majike ya sanduku la safari."

"Sanduku gani?"

"La bati, iko na matundu ya hewa. Tunapelekea panya hospitali. Hawa walikuwa ndani jana adhuhuri, tayari kwa kwenda leo." Akatazama juu ya kabati, kisha chini yake. "Sanduku liko wapi?"

"Hadubini inaweza kuingia humo?"

Daktari alipima hewani kwa mikono yake, mara moja, akamtazama. "Bila shida."

Mlinzi wa mchana alikuwa mzee mmoja aliyepekua kila mfuko uliotoka getini, hata mikoba ya makatibu, na kwa hilo alijisifu. Ilyasi akamuuliza kuhusu sanduku la bati.

"La panya? Hilo sifungui, afande. Iko ugonjwa ya mbwa ndani. Likipita, mimi nasimama kule." Akaonyesha kule, mbali kabisa.

"Jana lilipita na nani?"

"Na Rugamba. Alikuwa wa mwisho kutoka. Nikamwambia, weka mbali na mimi!"

Rugamba alikuwa fundi wa maabara, kijana mtanashati mwenye koti jeupe lililopigwa pasi. Ndiye aliyesema aliiacha hadubini mezani jioni. Ilyasi akagundua, kwa aibu kidogo, kwamba asubuhi nzima watu wote walikuwa wanalirudia neno la mtu huyu mmoja kama kwamba waliiona kwa macho yao. Akamwita chumba cha mbele.

"Sanduku la safari liko wapi, Rugamba?"

"Ah... nilipeleka panya hospitali, chef, mkubwa wangu. Jana."

"Panya gani?"

"Yale majike."

"Yale majike yako rafu ya chini. Umeyabana na wenzao mpaka hayakuhitaji nyumba. Chumba kizima wamejenga isipokuwa hao."

Rugamba alitazama rafu ya chini. Akatafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia, akakaa.

"Ilianguka," alisema. "Nilikuwa naisafisha, chef, ikaanguka. Kioo kimoja kikalegea. Mkurugenzi alisema atakayeigusa vibaya, ni kwaheri. Nikaipeleka Nyamirambo kwa fundi saa, akasema asubuhi itakuwa bien, nzima kama zamani. Nilitaka kuirudisha kabla ya watu."

"Lakini mkurugenzi aliwahi."

"Akaanza kupiga kelele. Halafu wakamkamata Bizimana. Nikasema nitasema. Nikasema ngoja kidogo. Halafu ikawa... ikawa ngumu."

"Wewe uliogopa kufukuzwa kazi," alisema Ilyasi. Hakupandisha sauti. "Yeye jioni hii anapelekwa mahali ambapo watu hawafukuzwi. Koti lako hilo livue, twende."

Fundi saa alikuwa jirani ya nyumba aliyozaliwa Ilyasi. Alikuwa amekwisha kukaza kile kioo, tena kwa ufundi, na alikuwa anatazama kupitia hadubini mguu wa nzi, akishangaa kazi ya Mola. Ilyasi alimwonea huruma kumnyang'anya.

Alasiri hadubini ilikuwa juu ya meza ya Kapteni kituoni, na Rugamba nje ya mlango na kichwa mikononi. Bizimana alikuwa ameletwa kutoka getini kwa maabara na kuwekwa chumba cha pembeni. Chafya zake zilisikika ukutani. Ilyasi alidhani kazi imekwisha.

"Umefanya vizuri," Kapteni akasema. "Sasa niambie, mlinzi alidanganya kwa nini?"

Ilyasi akaisogeza hadubini mbali na ukingo wa meza.

"Alimlaza mtu ndani ya jengo la serikali, wakati wa amri ya kutotoka nje, wakati huu wa vita. Akakubali kufungwa kuliko kumtaja. Mimi nikimwachia, kesho nitaulizwa. Ni nani?"

"Ni mtu aliyewalisha panya mtama wake, Kapteni. Adui hana muda wa kulisha panya."

"Adui naye hula mtama. Nataka jina."

Ilyasi hakuwa na jina, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alifurahi kutokuwa nalo. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Nje, gari la watu wa usalama lilikwisha kuegeshwa, dereva anachokonoa meno.

Hapo ndipo kulitokea zogo mlangoni. Jandarme wa zamu alikuwa anamzuia mtu, na mtu huyo hakuwa anazuilika. Akaingia mwanamke mtu mzima, mrefu, amejifunga shuka jeupe begani kama wanavyojifunga wanawake wa heshima wa vilimani, mkononi kikapu chenye kifuniko. Miguu yake ilikuwa na tope mpaka vifundoni. Na pamoja naye iliingia harufu ya samli yenye manukato.

Ilyasi akasimama. "Karibu, mama."

Mwanamke yule alizungumza Kinyarwanda, taratibu, kwa lugha nzuri ya watu wa kale, na hivi ndivyo alivyosema:

"Mimi naitwa Mukamana. Nimetoka Kinyinya, nyumbani kwa binti yangu, kwa miguu. Nimeambiwa mnamtafuta aliyelala na panya. Ni mimi."

Kapteni akaweka kalamu chini.

"Binti yangu amejifungua. Nikachukua unga wa mtama nimpikie uji, na mtama kidogo, nikaja. Mvua ikanikuta mjini, na nyumba yao siijui. Najua tu mahali anapofanya kazi mume wake. Nilipofika, giza limeingia, askari barabarani. Angenipeleka wapi? Akanifungulia chumba, akaleta lile jiko la mafuta, akatandika magunia. Kisha akatoka."

"Akaenda wapi?" aliuliza Ilyasi, ingawa alijua.

"Barazani. Mimi ni mama mkwe wake, mwanangu. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala halali naye chumba kimoja. Tangu amuoe binti yangu hakuwahi kunisemesha, mpaka jana, ila kupitia kwa mtu. Nikamsikia anakohoa. Nikamwita kupitia mlangoni, nikamwambia: ingia, utakufa na baridi, mimi nitageukia ukuta. Akanijibu: mama, siwezi. Mvua ile yote. Na mimi ndani, nina joto, pamoja na wale wadudu wadogo weupe wanaokula mtama wangu kama watoto wenye njaa." Akahamishia kikapu mkono wa pili. "Alfajiri akanionyesha njia ya Kinyinya. Leo mchana binti yangu akaletewa habari. Nikajua anajifungia mdomo kwa ajili yangu. Kwanza mimi sina kibali cha kusafiri. Pili, hataki isemwe mjini kwamba mama mkwe wake alilazwa na panya."

Ilyasi alihisi macho yanamwasha, akasingizia mafuta ya taa ambayo hayakuwepo.

"Huna kibali," Kapteni alisema hatimaye.

"Sina. Nilikuja kumwona mjukuu. Kama ni kosa, nifungeni mimi. Yeye ana mtoto mchanga."

Kapteni alimtazama kwa muda. Alikuwa mtu mgumu, na siku zile zilikuwa zinawafanya watu wagumu wawe wagumu zaidi. Ilyasi alikuwa amemwona akitia saini mambo ambayo angependa kuyasahau. Kidole chake kiligonga meza, kikaacha.

"Sikusikia habari ya kibali," alisema Kapteni. "Inspekta, wewe umesikia?"

"Sikusikia, Kapteni."

"Hawa panya," Kapteni akamgeukia tena Mukamana, kwa sauti ya chini zaidi, "hawakukusumbua, mama?"

"Walinipokea vizuri kuliko askari wako wa mlangoni."

Kapteni akakohoa, na kikohozi kile kilificha kicheko vibaya sana. Akaenda dirishani, akamwambia dereva wa watu wa usalama kwamba hakuna mzigo leo, arudi. Kisha akamtupia Ilyasi ufunguo wa gari. "Wapeleke Kinyinya. Haraka, kabla ya saa. Na huyo fundi wa maabara arudi kwa mkurugenzi wake, akamweleze mwenyewe."

Bizimana akatolewa. Alipomwona mama mkwe wake amesimama pale katikati ya ofisi ya majandarme, mbele ya watu, aligeuza uso kwenye ukuta haraka hivi kwamba aligonga fremu ya mlango. Akamwambia Ilyasi kwa kunong'ona: "Afande, mwambie... mwambie hakupaswa kuja." Kisha akapiga chafya.

"Mwambie nimekwisha kuja," alisema Mukamana.

Gari lilikuwa pikapu, na mbele kulikuwa na nafasi ya watu watatu wakibanana. Wingu lilikuwa limekusanyika tena juu ya mji na matone ya kwanza yalikuwa yanapiga bati. Mukamana akapanda, akakaa karibu na Ilyasi, kikapu magotini. Bizimana alizunguka nyuma, akashika ubao wa bodi ili apande kule kwenye mvua, kama mkwe mwenye adabu.

Mlango wa mbele ukafunguliwa tena. Mukamana alikuwa ameushika kwa mkono mmoja, shuka lake jeupe linalowa, na kwa mara ya kwanza alizungumza naye ana kwa ana, bila mtu wala mlango katikati, bila kugeuza uso.

"Panda humu ndani. Nimelala na panya usiku kucha, nitashindwa kukaa na mwanangu?"

Bizimana alisimama kwenye mvua akiwa ameshika ule ubao. Kisha akauachia, akaja mbele, akapanda, akafunga mlango. Alikuwa mkubwa, na mahali palikuwa padogo, na ilibidi wote watatu wabanane hasa ndipo Ilyasi akapata nafasi ya kutia gia.